Vitabu Vilivyoishia Kigoma

Luberizi iko kwenye barabara ya taifa namba 5, katika uwanda wa Ruzizi, mashariki mwa Kongo, ukishazipita Luvungi na Bwegera na kabla hujafika Sange. Mpita njia anaijua kwa kambi yake ya jeshi, kwa mpunga na mihogo, na kwa joto ambalo mtu wa Bukavu, aliyezoea ubaridi wa milimani, huanza kulilalamikia kabla hata hajateremka garini. Kwa vitabu haijulikani. Katika shule nyingi za uwanda huo kitabu cha kiada ni kimoja, na kiko mezani kwa mwalimu. Mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili katika kaye, yaani daftari, na kaye hiyo, iliyolainika pembe na kuingia jasho la kiganja, ndiyo inayokuwa kitabu cha mwaka mzima. Neno lililokosewa ubaoni linakosewa katika kaye hamsini. Kijana anaweza kumaliza sekondari akiwa ameandika maelfu ya kurasa kwa mkono wake, na asiwe amewahi kusoma kitabu kimoja cha hadithi tangu jalada la mbele hadi la nyuma. Wakubwa wanaolihangaikia jambo hili huanza kwa kuulizana vijana wapewe vitabu gani. Orodha inatungwa, watu wanabishana, kisha orodha inabaki karatasini kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya vilivyoandikwa humo kinachopatikana. Mimi naona swali limeanzia mwisho. Historia ya Kivu inaonyesha kwamba kijana wa huku alisoma kila alipofikiwa na kitabu kinachomhusu. Kilichokosekana ni njia, na njia hiyo ilikatwa na watu, kwa maamuzi yenye tarehe. Hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili, lugha anayocheza nayo, anayogombana nayo na anayoiota usiku zimekuwepo kwa karibu miaka mia, ng'ambo tu ya ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania. Ziliishia Kigoma.

Tuanze kabla ya Wabelgiji, maana wengi wanadhani kuandika kulikuja nao. Wafanyabiashara wa pwani waliovuka ziwa Tanganyika na kukaa Kasongo na Nyangwe, katika Maniema, waliandikiana kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, wakitumia herufi za Kiarabu: barua za madeni, za pembe, za kuombana bunduki, za kulaumiana. Sehemu ya barua hizo za miaka ya 1880 na 1890 imehifadhiwa Ubelgiji hadi leo na wataalamu wamezichambua. Zaidi ya hayo, kimojawapo kati ya vitabu vya mwanzo kabisa vya mtu kusimulia maisha yake mwenyewe kwa nathari ya Kiswahili ni kile cha Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kilichotolewa na Mjerumani Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inatokea Kongo. Sisemi msimulizi alikuwa mtu mwema. Alijitajirisha kwa pembe na kwa watu, na kijana wa Maniema au wa Kivu akikisoma atakutana na mababu zake wakiwa upande wa wanaotekwa. Ndiyo sababu mojawapo ya kukisoma. Lakini kitabu hicho kilichapishwa Berlin, kikatolewa tena Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, kikajulikana na wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam na Nairobi, huku katika nchi ambamo mambo yake yalitendeka kikabaki jina tu. Vita na Wabelgiji vya 1892 hadi 1894 viliwavunja Waswahili wa Maniema, na pamoja nao ikafa desturi ya kuandika. Lugha yenyewe ilibaki midomoni, ikaenea kuliko mwanzo, lakini ikaenea bila maandishi.

Wamisionari walipokuja kuiandika tena, waliiandika kwa kazi yao. Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa, mwaka 1885. Kutoka huko alitoka Stefano Kaoze, Mkongomani wa kwanza kupewa upadri, mwaka 1917, ambaye miaka michache kabla yake, akiwa bado seminarini, aliandika makala juu ya fikra za Wabantu ambayo yanahesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Mkongomani kwa Kifaransa. Kaoze ni mfano mzuri wa kile mfumo ule ulichoweza na kile ulichokataa. Kijana mmoja mwenye akili alifunguliwa kabati zima la vitabu, Kilatini na Kifaransa, kwa sababu alitakiwa awe padri. Wenzake wa umri ule waliobaki kijijini walipewa katekisimu ya Kiswahili. Upande wa Uvira mambo hayakwenda tofauti sana. Wapentekoste wa Sweden walifika mwaka 1921, wakapanda baadaye hadi Lemera, juu ya milima inayoutazama uwanda wa Luberizi, wakajenga shule na hospitali, na wakafundisha watu kusoma ili wasome Biblia na kitabu cha nyimbo. Hao walitimiza walichokusudia, tena sana. Hadi leo kijana wa uwanda huu anayedaiwa kwamba hapendi kusoma anasoma sura nzima za Injili kwa sauti mbele ya kanisa lililojaa. Tutarudi kwake, maana ndiye shahidi wangu mkubwa. Hapa inatosha kusema kwamba tangu mwanzo Kiswahili kilichoandikwa huku kilikuwa cha ibada, na Kifaransa kilichoandikwa kilikuwa ngazi ya kupandia kazini. Kitabu cha kujisomea tu, cha kumfanya mtoto wa miaka 14 asahau kwamba chakula kiko tayari, hakikuwa na mahali katika mpango wa mtu yeyote.

Ng'ambo ya ziwa, wakati huohuo, jambo jingine lilikuwa linatengenezwa. Mwaka 1930 serikali za Kiingereza ziliunda Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili na kusimamia vitabu vya shule katika nchi nne: Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo haikuwamo, wala Ruanda-Urundi, ambazo nazo zilikuwa chini ya Wabelgiji. Mtu anaweza kuilaumu kamati ile kwa mengi, na wapo Waswahili wa Mombasa na Lamu ambao hadi leo hawajaisamehe kwa kuchagua Kiunguja. Lakini mlango iliofungua ulipitisha vitabu. Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza, alikuwa ameshatafsiri hadithi za kusisimua, na *Mashimo ya Mfalme Sulemani* na *Kisiwa chenye Hazina* zilikwisha kutoka mwaka 1929. Zilikuwa hadithi za Wazungu, zenye macho ya Wazungu, ila zilikuwa hadithi, na watoto wa shule wa Tanga hata Kisumu walizikodolea macho. Wenyeji walifuata. Shaaban Robert alitoa *Kusadikika* mwaka 1951 na *Adili na Nduguze* mwaka 1952. Mwaka 1948 ilianzishwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, ambayo pamoja na kuchapisha ilifanya mashindano ya uandishi. Shindano la 1957 na 1958 ndilo lililomwibua Muhammed Said Abdulla wa Unguja na mpelelezi wake Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*. Na idara hiyohiyo ilibuni jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko vitabu vyenyewe: maktaba ya sanduku. Vitabu vilitiwa ndani ya sanduku, vikapelekwa mahali pasipo na maktaba, vikaazimwa, kisha vikabadilishwa na vingine. Palipokuwa na posta, msomaji wa mbali aliletewa kitabu kwa posta. Watu waliobuni hayo walikuwa wameelewa kwamba kumwambia kijana wa kijijini asome bila kumpelekea kitabu ni sawa na kumwambia avuke bila mtumbwi.

Sasa tuitazame Kigoma. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1914. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa mkataba wa mwaka 1921, Waingereza waliwapa Wabelgiji maeneo maalumu bandarini Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja tu kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila ushuru. Watu waliita maeneo hayo Belbase. Kwa miongo mizima shehena ya mashariki ya Kongo ilipita pale, ikavuka ziwa, ikaingia Uvira na Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Na mali ya Kongo ikatoka kwa njia hiyo. Pamba ambayo wakulima wa uwanda wa Ruzizi walilazimishwa kuilima nayo ilikuwa ya kusafirishwa, si ya kuvaliwa pale. Njia, kwa maana ya reli, meli na ghala, ilikuwepo, na ilikuwa ya bei nafuu kuliko njia yoyote ya kwenda Léopoldville. Kilichokosekana ni aliyeona haja ya kutia hadithi ndani ya shehena. Kwa mwalimu wa Kibelgiji, kitabu cha Kiswahili kutoka Tanganyika kilikuwa kitu cha Waingereza, na Kiswahili chenyewe alikiona ni lugha ya kutumia kazini na kanisani tu. Kwa hiyo saruji ilivuka na *Adili na Nduguze* ilibaki.

Uhuru haukulirekebisha jambo hili. Kwa namna fulani ulilikaza. Mageuzi ya mwaka 1962 yalikifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na mtihani wa serikali wa mwisho wa sekondari, ulioanza mwaka 1967, ukaweka muhuri. Kiswahili kilirudishwa madarasa ya chini katikati ya miaka ya 1970, wakati wa siasa ya uhalisi ya Mobutu, lakini kilirudishwa kama daraja: mtoto anavushwa nacho hadi Kifaransa, kisha daraja linaondolewa. Vitabu vya kijana wa miaka 15 kwa Kiswahili havikuwa na nafasi katika mpango huo, kwa sababu kijana wa miaka 15 alikwisha kuvushwa.

Hata hivyo ni katika miaka hiyohiyo ndipo tunapoona wazi kwamba hamu ilikuwepo. Mwaka 1968 Achille Ngoye na Freddy Mulongo walianzisha Kinshasa gazeti la katuni lililoitwa *Jeunes pour Jeunes*, yaani vijana kwa ajili ya vijana. Lilizungumza lugha ya mitaa, mchanganyiko ambao mwalimu yeyote angeufuta ubaoni kwa hasira, na vijana walilinyang'anyana. Akaja Zamenga Batukezanga, mzaliwa wa Luozi mwaka 1933, ambaye hadi kufa kwake mwaka 2000 alisomwa nchini mwake kuliko waandishi wote wa Kongo waliosifiwa Paris. Wahakiki walimdharau. Walisema Kifaransa chake ni chepesi, na visa vyake ni vya uchawi, mahari, mtu wa kijijini aliyepotea mjini, ndugu wanaomla mwenye mshahara. Ni kweli, na ndiyo maana alisomwa. Vitabu vyake vilikuwa vyembamba, vilipigwa chapa Kinshasa, vikauzwa kwa bei ambayo mwalimu aliweza kuimudu, na kila nakala ilipita mikono mingi kabla ya kuachana kurasa. Kivu nayo ilitoa wake: Charles Djungu-Simba, mzaliwa wa Kamituga, aliyetoa *Cité 15* mwaka 1988 na kuandika hadithi nyingine ambazo kijana anaweza kuzimaliza kwa siku mbili. Ukiviweka pamoja, utaona vinafanana katika mambo yaleyale: bei ndogo, kurasa chache, lugha isiyomtisha msomaji, na maisha anayoyatambua. Ila vingi vilitoka Kinshasa, na kutoka Kinshasa hadi Luberizi hakuna reli wala barabara inayopitika. Kuna ndege, na ndege haibebi vitabu vya bei ndogo.

Yaliyofuata nitayapita haraka, si kwa kuwa ni madogo. Baada ya uporaji ulioikumba nchi mwaka 1991 serikali ilikaribia kuacha kabisa kuwalipa walimu, wazazi wakaanza kuwalipa wenyewe, na pesa ya kitabu ikawa ndiyo pesa ya mshahara. Kati ya 1994 na 1996 uwanda wa Ruzizi ulijaa kambi za wakimbizi wa Burundi na Rwanda, mojawapo ikiwa Luberizi yenyewe. Oktoba 1996 Vita vya Kwanza vya Kongo vilianzia huku: hospitali ya Lemera ilishambuliwa usiku wa tarehe 6, kambi zikavunjwa kwa mauaji, kiwanda cha sukari cha Kiliba kikazimika. Kabati la shule ni mbao kavu, na karatasi huwasha moto upesi. Mtu aliyekimbia na watoto hakuulizwa alichoachia nyuma. Tangu hapo barabara imefungwa na kufunguliwa mara nyingi kiasi kwamba watu wa Bukavu wenye haraka ya kufika Uvira walizoea kuingia Rwanda na kutokea Kamanyola, ili kuukwepa mteremko wa Ngomo na yanayowasubiri watu huko. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Anayezungumzia vitabu katika hali hiyo lazima atarajie kuulizwa kama hana jambo la maana zaidi la kuzungumzia.

Nalijibu hilo kwanza, kwa sababu ndilo zito. Chakula na usalama vinatangulia, hakuna anayebisha. Lakini watu wa uwanda huu wenyewe hawajawahi kupanga maisha yao kwa foleni ya namna hiyo, wakingoja amani ikamilike ndipo wasomeshe. Katika miaka mibaya kabisa walilipa walimu kwa unga na kwa faranga walizochangishana. Shule ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, madarasa yalifurika kuliko yalivyoweza kubeba, na sekondari, ambayo haikuwamo katika tangazo hilo, wazazi wanaendelea kuilipia. Wanaotoa pesa hiyo wamekwisha kuamua kwamba elimu si anasa. Ni haki kuuliza kwa nini, baada ya gharama yote hiyo, kijana atoke na kaye tu.

Pingamizi la pili ni la lugha, na linatolewa na watu wenye busara. Wanasema Kiswahili cha vitabu vya Dar es Salaam si cha huku. Kijana wa Luberizi nyumbani anaweza kuwa anasema Kifuliiru, barabarani anasema batoto na bintu na mutu. Atafanya nini na Shaaban Robert, ambaye hata Mtanzania wa leo anamsoma akiwa na kamusi pembeni? Nakubali nusu. Kurasa ishirini za mwanzo zitamsumbua. Vitenzi vitakuja na viambishi asivyovitumia, na maneno ya pwani yatamkwamisha. Lakini huyu ndiye kijana niliyesema tutarudi kwake. Jumapili anasimama na Biblia ya Kiswahili ambayo haisemi kama mtaa unavyosema, anaisoma bila kujikwaa, na bibi yake asiyejua herufi anaielewa. Anasikiliza habari kwa Kiswahili cha redio, zikiwamo za Radio Maendeleo ya Bukavu iliyoanza mwaka 1993. Masikio yake yana Viswahili viwili au vitatu na yanahama kutoka kimoja hadi kingine bila kuomba ruhusa. Na kama umbali ni tatizo kweli, upo ushahidi kwamba unazibika anapokuwepo mwenye nia: Mashahidi wa Yehova wanachapisha magazeti na Biblia yao kwa Kiswahili cha Kongo, tofauti na kile cha Tanzania na Kenya. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyokamilika mwaka 1969, ni kazi ya Afrika Mashariki iliyosomwa mbali na pwani. Vitabu vya dini, basi, viliuvuka mpaka na kuivuka tofauti ya lahaja. Lililoshindikana kwa hadithi halikuwa lugha. Hadithi haikuwa na kanisa la kuibeba.

Mpinzani wa tatu ni mzazi mwenye hesabu: mtihani ni wa Kifaransa, kazi ni ya Kifaransa, basi asome Kifaransa. Hesabu yake ina pengo. Mwanafunzi anayesoma Kifaransa akivunja silabi, neno moja kwa pumzi moja, hasomi. Anatafuta jibu la swali la mwisho wa ukurasa. Uzoefu wa kufuata kisa kwa kurasa mia na hamsini, kukumbuka nani alisema nini, kushuku kwamba msimulizi anaficha jambo, unajengwa katika lugha ambayo mtu haihangaikii, kisha unahamia katika nyingine. Aliyekwisha kumfuata Bwana Msa na kiko chake hadi mwisho wa fumbo hashtuki akipewa riwaya nene ya Kifaransa. Wala sitetei Kiswahili peke yake. Kijana aliyependa Zamenga apewe Zamenga mwingine. Tatizo la mzazi huyu ni kwamba anazilinganisha lugha mbili wakati mtoto wake hana kitabu cha hata moja. Na wanaosema simu imeua kusoma wanazungumzia mahali ambapo kulikuwa na kusoma kwa kuuawa. Simu ya kijana wa Luberizi, ikipata moto wa sola na mtandao, inaweza kupata hadithi za bure za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014, nyingi zikiwa kwa Kiswahili. Ni nzuri, ila ni za watoto wadogo. Mwenye miaka 16 atazimaliza jioni moja na atajiona amedharauliwa.

Linabaki lile ambalo hasa ndilo linalowagawa wakubwa: kitabu kizuri ni kipi, na nani aseme. Euphrase Kezilahabi alitoa *Rosa Mistika* mwaka 1971. Inamhusu binti wa Ukerewe ambaye baba yake, Zakaria, anamchapa kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Binti anakua akiwaogopa wanaume bila kufundishwa lolote juu yao, anakwenda shule ya bweni, na yanayompata huko ni matunda ya ule woga na ya dunia aliyoachiwa aikabili peke yake. Tanzania ilikipiga marufuku shuleni. Baadaye kikaruhusiwa, kikawa hata kitabu cha kiada, na hakuna aliyeonyesha kwamba mabinti waliharibika kwa kukisoma. Waliokipinga walikuwa na nia njema, na siwacheki. Mzazi wa uwanda wenye kambi ya jeshi ana sababu za kumwogopea binti yake ambazo mwandishi wa makala hana. Lakini ndiyo sababu hasa ya kumpa kitabu hicho. Binti wa Luberizi wa miaka 16 anayajua mazingira ya Rosa kwa macho. Asichonacho ni mtu wa kumwekea mambo hayo mezani kwa utaratibu, kwa jina la mtu mwingine, ili aweze kuyazungumza bila kujitaja. Mimi ningeanzisha kijana yeyote na Bwana Msa, kwa kuwa fumbo humvuta hata mvivu. Kisha *Adili na Nduguze*: mtu anawachapa manyani wawili kila usiku, na wewe unataka kujua kwa nini, kwa sababu hiyo utavumilia misamiati. Mwenye kiu zaidi ningempa *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, inayomfuata mvulana Yusuf katika msafara wa biashara kutoka pwani hadi bara, na ambayo ukiisoma ukiwa upande wetu wa ziwa unauona ule msafara ukija badala ya kuuona ukiondoka. Ukisha kufika hapo, Tippu Tip mwenyewe hayuko mbali.

Orodha yangu haina uzito kuliko ya mwingine, na ikibaki karatasini itakuwa kama zile nilizozilaumu mwanzo. Kinachoihamisha ni yule aliyekosekana tangu mkataba wa 1921: mbebaji. Kanisa lilimpata katika mchungaji na katekista. Zamenga alimpata katika duka la vitabu la parokia na katika mwalimu aliyeazimisha nakala yake. Idara ya Vitabu ilimpata katika aliyepokea sanduku na kuandika daftarini nani amechukua nini. Luberizi wapo watu wa namna hiyo: mwalimu wa lugha, mwongoza kwaya, muuza dawa anayejua kila nyumba. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na wachapishaji wa Dar es Salaam kama Mkuki na Nyota wanauza vitabu ambavyo havina tena mkoloni wa kuvizuia. Vinazuiwa na kutokuwepo kwa aliyeviagiza. Reli inafika Kigoma kama ilivyofika mwaka 1914. Maboti ya mizigo yanavuka hadi bandari ya Kalundu, Uvira, na malori ya kupanda uwandani yanapakia hapo. Vitabu mia moja vyembamba, vikitiwa ndani ya sanduku lenye kufuli, havifikii nusu ya uzito wa mfuko mmoja wa saruji.